Amri ya Embakasi ilikosea tangu Kilindini

Msimamo wangu kuhusu amri ya Agosti 2019 ni huu: lilikuwa kosa, tena kosa la wazi. Mizigo yote iliyoingia nchini kwenda Nairobi na bara iliamriwa ipande reli ya kisasa, SGR, na ikatolewe forodhani kwenye bandari kavu ya Embakasi. Mwenye mali hakuachiwa nafasi ya kuchagua.

Tulifuate kontena moja la mfanyabiashara wa Industrial Area, Nairobi. Kabla ya amri, lori liliingia bandari ya Kilindini, Mombasa, likapakia, likaja kushusha mlangoni pa ghala lake. Basi. Baada ya amri, kontena lilishushwa melini, likangoja behewa, likafika Embakasi, likanyanyuliwa tena na kreni, likangoja karatasi, kisha likatafutiwa lori lile lile la kulifikisha ghalani. Lilipokuwa tupu, kampuni ya meli ililidai Mombasa. Kila aliyeligusa alilipwa, na siku za kuhifadhiwa bure zilipoisha, ada za ucheleweshaji zilianza kupanda. Unafuu wa nauli ya treni ulimezwa hapo hapo Embakasi.

Chanzo ni kile kile ninachokipigia kelele kila mara: mkataba wa 2014 ulioitwika Mamlaka ya Bandari jukumu la kuipatia reli shehena, ikipungua ilipie pengo. Reli ya mkopo wa China ilihitaji mzigo wa kulipia deni, na mfanyabiashara akaburutwa kituoni. Yadi za makontena za Mombasa zikakauka, na wauza chakula wa barabarani, Mariakani hadi Mtito Andei, wakakosa madereva wa malori wa kuwalisha.

Nakiri njia ya reli yenyewe imejengwa imara, na himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki imefanya kazi nzuri.

Lakini wazee walituzidi. Chini ya East African Railways and Harbours, bandari, reli na meli za ziwani zilikuwa chini ya shirika moja. Meli ya MV Uhuru ilipakia mabehewa mazima Kisumu, ikayateremsha ng'ambo ya Ziwa Victoria bila gunia kuguswa. Walihesabu safari nzima, hadi mwisho wake. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tunahesabu vipande.

Mahakama Kuu ya Mombasa iliibatilisha amri ya 2019 Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais Ruto akarudisha utoaji mizigo Mombasa. Sasa reli ishindane kwa bei na kwa kasi. Anayeota kuirudisha amri kwanza atueleze lile lori la Embakasi litalipiwa na nani.