Shamba la Wanyama: Wimbo Uliohamia Nyumba Kubwa

Wasomaji wetu, baadhi yetu tulikisoma shuleni kitabu cha Shamba la Wanyama, hadithi aliyoitoa George Orwell mwaka 1945 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Kuwa ni fumbo la mapinduzi ya Urusi ya 1917 na namna yalivyoishia mikononi mwa Stalin, hilo halihitaji kurudiwa. Leo tumeonelea tutazame jinsi furaha inavyogeuka huzuni ndani yake. Wengi hushughulika na nani ni nani, wakasahau kusikiliza. Sisi tunasema, atakaye kujua mapinduzi yale yalikufa lini, na aufuate wimbo.

Mwanzoni mzee Major anawafundisha wanyama wimbo wa ukombozi, nao wanauimba mara tano mfululizo, hata Bwana Jones anaamka na kufyatua bunduki. Wakishamfukuza, wanauimba mara saba. Hapo hadithi inachekesha, na mwandishi anautania hata wimbo wenyewe. Lakini sura ile haijaisha, maziwa yanatoweka. Orwell hapigi kelele; anatwambia tu kuwa wanyama waliporudi jioni kutoka mavunoni, maziwa hayakuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ndio huo.

Sura ya saba ndiyo kitovu. Wanyama waliokiri makosa wameuawa mbele ya wenzao. Waliosalia wanajikusanya juu ya kilima kidogo, jioni nzuri ya majira ya machipuko, shamba lote likionekana chini yao. Clover, yule farasi jike, machozi yanamlengalenga na maneno hana. Anaanza kuimba, wenzake wanamfuata, mara tatu, taratibu, kama watu walioko msibani. Wimbo ni uleule wa siku ya ushindi, haukubadilishwa hata neno. Kilichobadilika ni vifua vinavyouimba. Mara anafika Squealer na mbwa wawili, anatangaza kuwa wimbo umepigwa marufuku, kwani mapinduzi yamekwisha kamilika!

Baada ya hapo hadithi inapoa kama jivu. Boxer, mchapakazi wa shamba zima, anauzwa akachinjwe, na nguruwe wanapata fedha za kununulia pombe. Msomaji analia, mwandishi hatoi hata chozi. Katika sura ya mwisho, wimbo wa zamani kila mnyama anaujua, wala hakuna athubutuye kuuimba kwa sauti. Vicheko na nyimbo zinasikika usiku, ila zinatoka nyumba kubwa, ambako nguruwe wanawakirimu wanadamu.

Wapo wasemao Orwell alikejeli kila mapinduzi, kana kwamba wanyama wangebaki chini ya Jones ingekuwa heri. Hatukubaliani nao. Lau ndoto ile ingekuwa upuuzi tangu awali, jioni ya kilimani isingetuuma. Mtu halii matanga ya asichokithamini. Kejeli ni kwa walioiba maziwa, si kwa walioimba.

Nasi tulioko ughaibuni, tuliokulia na nyimbo za uhuru vinywani, na wengine wetu tukaondoka kwa yaliyofuata baadaye, tukisome upya kitabu hiki. Kisha tujiulize, zile nyimbo zetu leo zinaimbwa na nani, na kutoka nyumba ipi?