Wenye kushika kalamu ya mipaka

Wandugu, sisi wenye tulimaliza iniversite tuko na tabia moja. Kama tunazungumuza juu ya wizi wa kura, tunawaza tu siku ya uchaguzi: mashini, bahasha, nani aliandika nini ku procès-verbal. Lakini kuko wizi mwingine wenye unafanyika miaka mbele, muchana kweupe, na kalamu, na mara mingi hauvunje hata sheria. Muulize watu wa Chicago, kule Marekani.

Muji wa Chicago umegawanywa katika kata 50, na kila kata inachagua mushauri mumoja wa kuingia ku konseye ya muji. Kila kisha miaka kumi, wakati hesabu mupya ya watu inatoka, kata zinapashwa kuwa tena na watu karibu sawasawa. Kufwatana na hesabu ya 2020, ni watu karibu 55,000 kwa kata moja. Mupaka hapo hakuna ubaya. Sasa nani anachora mipaka mupya? Ni washauri wao wenyewe. Mutu mwenye kesho ataomba kura njo anajichagulia leo watu wa kumupigia. Ni kumuachia mbuzi alinde shamba la mihogo.

Kisha hesabu ya 1980, konseye ilichora karte yenye ilipunguza nguvu ya Weusi na ya Walatino. Kazi ile iko na ufundi wake. Ama unapasua watu vipande-vipande katika kata nyingi, ili wasifike nusu fasi yoyote. Ama unawajaza wote katika kata moja, washinde pale na kura za kupita kiasi, na fasi ingine wasiwe na kitu. 1983 Harold Washington akakuwa meya wa kwanza Mweusi wa muji ule, lakini ndani ya konseye akakuta washauri 29 wanamupinga na 21 tu wako upande wake. Mambo mengi yakakwama. Tribinali zikasema karte ile inavunja sheria ya haki ya kupiga kura, na 1986 uchaguzi ukarudiliwa katika kata 7. Matokeo: 25 kwa 25, na meya njo mwenye kura ya kukata shauri. Wakaaji walikuwa wale wale, nyumba zile zile. Ni mistari tu ilihama, na uongozi wa muji ukageuka.

Ile ya 2012 inanichekesha na kunikasirisha. Ilipita kwa kura 41 juu ya 8. Bob Fioretti, mushauri wa kata ya 2, alikuwa mutu wa kupinga meya. Karte mupya ikatoka, kumbe nyumba yake haiko tena ndani ya kata yake! Kata ya 2 yenyewe waliipeleka fasi ingine ya muji, na umbo la ajabu lenye mikono na mikia.

Kuko wenye watanijibu kama karte ya 2022 ilileta kitu kizuri: kata ya 11, kata ya kwanza yenye Waasia ni wengi. Ni kweli, na mimi nafurahia jambo ile. Lakini tuangalie ginsi ilipatikana. Washauri Weusi na washauri Walatino walivutana miezi na miezi, kila upande unahesabu kata zake. Ilibakia kidogo wakaaji waitwe ku referandumu wachague karte wao wenyewe. Njo mwezi wa 5, gafula, wakapatana: 43 juu ya 7, na referandumu ikaanguka. Wengi wanasifu mapatano yale. Mimi naona kama wenye walikuwa wanagombana walikubaliana juu ya kitu kimoja: mukaaji asiulizwe.

Ku Los Angeles ilikuwa mubaya zaidi. Kulikuwa komisyo, lakini ya kutoa mashauri tu, na konseye ikabadilisha kazi yake. 2022, sauti ya washauri 3 wakizungumuza kwa siri juu ya mipaka, na maneno ya ubaguzi ndani, ikatoka inje. Prezida wa konseye akajiuzulu. 2024 wakaaji wakakubali kwa kura kama komisyo yenye kujitegemea ichukue kazi ile. Siwaze kama komisyo inaponyesha kila kitu (wenye komisyo nao wanachaguliwa na nani?), lakini angalau mwenye njaa hashike tena mwiko.

Mutasema: kwetu hakuna mambo ile. Ni kweli, mushauri wa komine hachore kitu, juu komine nzima njo sirkonskripsio. Lakini kalamu iko, imekaa tu fasi ingine. Komine zinaumbwa na dekre, kule Kinshasa. Na viti vinagawanywa kufwatana na wenye walijiandikisha, hapana wenye wanaishi pale, juu hesabu ya mwisho ya watu katika inchi yetu ni ya 1984. Ni kusema wengi kati yetu hatujahesabiwa hata siku moja tangu kuzaliwa. Basi liste ya wapiga kura njo karte yetu. Fasi mashini ya kuandikisha inachelewa, fasi watu wanapanga mustari siku tatu kisha wanarudia nyumbani, pale kiti kinapotea mbele ya kampanye kuanza. Na 2023, watu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura hata, juu ya vita.

Huku Lubumbashi, Kamalondo unaivuka na miguu bila kutoka jasho. Annexe nayo inazunguka muji. Nani aliamua mistari ile, na kwa kuangalia nini? Juu ya wizi wa kura tuko na TFC mingi. Juu ya mipaka ya Annexe, natafuta hata moja. Wenye mulisoma droit na jografia, kama muko nayo, munitumie.