Yasmin Akizeeka

Riwaya zetu za pwani huzipenda ndoa za mchanganyiko zikiwa bado mbichi. Wawili wanapendana, jamaa wanakataa, kitabu kinaisha. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ni bora kuliko nyingi za aina hiyo, ndiyo maana naidai zaidi.

Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mdogo kwa Bwana Raza, Mhindi mwenziwe aliyemzidi umri mno. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili maskini. Anampenda Denge, mpigania uhuru. Mwisho anaolewa na Bukheti. Shafi anaijua gharama ya kukatwa na kwenu. Ila anaiandika kama deni linalolipwa mara moja, ujanani. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 nayo inabaki huko huko kwenye ujana.

Mimi naisoma nikiwa Makangale, upande wa msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba. Bibi yangu aliolewa na Mmanga aliyekuja kisiwani kutafuta riziki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Waarabu wengi walihamia Oman, na babu akawa mmoja wao. Bibi akabaki na watoto. Miaka ya kulima na kulea hakulalamika. Majonzi yalimjia uzeeni, mikono ilipokosa kazi: hali, halali, anaongea na mtu asiyeonekana. Majirani walisema ni shetani, akapungwa. Muuguzi alisema ni sonona. Mwenyewe alisema ni kihoro. Aliyemrudisha mezani ni jirani yake, aliyekuja kila alasiri wakasuka ukili pamoja.

Ndipo nikamwona Mwajuma upya. Tumezoea kuisoma riwaya hii kama hadithi ya Yasmin na Denge, na Mwajuma tukamfanya msaidizi wa mapenzi yao. Kumbe ndiye aliyempa Yasmin ujamaa mpya, na bila ujamaa huo hakuna mume, awe Denge au Bukheti, ambaye angetosha. Shafi alimuumba vizuri, kisha hakumuuliza swali gumu: Yasmin akifika miaka sabini, mume hayupo na Mwajuma keshazikwa, nani atakayekaa naye alasiri? Riwaya hiyo bado hatujaandikiwa, na wazee wake wako hai.