Weusi wa Damu, Weupe wa Ukuta: Kupima Ubora wa Ultrasaundi ya Ini

Ukiniletea picha za ini zilizopigwa na mwanafunzi, ugonjwa siutafuti kwanza. Natazama damu. Ndani ya mshipa mkubwa, damu inapaswa kuwa nyeusi ti. Ikiwa imejaa ukungu wa kijivu, mpigaji amepandisha mng'ao wa mashine kupita kiasi, na lolote atakaloandika baadaye kuhusu ini kung'aa nitalitilia shaka. Yapo maini mengi yaliyopewa mafuta na kitufe, si na chakula.

Kisha natafuta figo. Lazima iwepo picha moja yenye ini na figo ya kulia pamoja, zikiwa katika kina kilekile. Kwa mtu mzima mwenye afya, ini hulingana na gamba la figo au hulizidi weupe kidogo tu. Ini likiwa na mafuta kweli, tofauti hiyo inaonekana hata kwa mgeni, na mafuta yakizidi, kuta za mishipa zinaanza kufifia, hatimaye hata mstari wa kiwambo nyuma ya ini unapotea. Ripoti inayosema "mafuta mengi" huku kiwambo kinaonekana safi kama uzi imejipinga yenyewe.

Ila fundi wa ini hujulikana kwenye mishipa. Damu huingia kwa njia mbili: vena ya porta, inayoleta takriban robo tatu ya damu yote kutoka kwenye utumbo na wengu, na ateri ya ini, inayoleta robo iliyobaki. Hutoka kwa vena tatu za ini, ya kulia, ya kati na ya kushoto, zinazomwaga kwenye vena kava ya chini, chini kidogo ya moyo. Matawi ya porta yana kuta nyeupe kwa sababu yamevikwa ala ambayo tabibu Mwingereza Francis Glisson aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1654. Vena za ini hazina ala hiyo, kwa hiyo huonekana kama mifereji iliyochimbwa tu ndani ya nyama.

Wanafunzi hukariri hilo, wakaishia hapo. Vena ya ini ikipigwa na mawimbi kwa pembe mraba, nayo huonyesha ukuta mweupe, na mwanafunzi huiandika porta bila kusita. Dawa yake ni kuufuata mshipa. Ukinenepa kadiri unavyopanda kuelekea kwenye kiwambo, ni vena ya ini. Ukinenepa kuelekea kwenye lango la ini, ni porta. Kwa hiyo napenda video fupi ya probu ikitembea kuliko picha kumi zilizogandishwa.

Mishipa hiyohiyo ndiyo ramani. Mfaransa Claude Couinaud aligawa ini katika sehemu 8, na mgawanyo wake wa mwaka 1957 ndio madaktari wa upasuaji wanaoutumia hadi leo. Vena za ini hupita mipakani mwa sehemu hizo, matawi ya porta huingia katikati yake. Ripoti inayosema "kuna uvimbe lobu ya kulia" imefanya nusu ya kazi. Ikisema uvimbe uko sehemu ya 7, nataka nione vena ya kulia ya ini kwenye picha, na uvimbe ukiwa nyuma yake. Bila vena hiyo, namba 7 ni ya kubahatisha.

Sehemu ya 7 na ya 8 ndizo hukimbiwa zaidi, kwa kuwa zimejificha juu chini ya kiwambo, nyuma ya mbavu na pafu. Kuzipata kunategemea mdomo kama kunavyotegemea mkono. "Vuta pumzi" peke yake humfanya mgonjwa apandishe mabega, na ini halisogei. Mpigaji mzuri atasema: "Mama, jaza tumbo mpaka linisukume mkono, haya, ibane hapohapo." Halafu atamgeuza alalie ubavu wa kushoto, na kama pumzi haitoshi atapita katikati ya mbavu. Ncha ya lobu ya kushoto nayo isisahaulike. Kuhusu urefu wa ini sitasema mengi. Sentimita 15 hadi 16 kwenye mstari wa katikati ya mtulinga ni kipimo cha kawaida, na watu warefu wana maini marefu.

Kwenye dopla, naanza na ufito wa rangi pembeni mwa skrini. Nyekundu ni damu inayoijia probu, buluu ni inayoiacha, isipokuwa kama mtu amegeuza kitufe. Ukipiga porta kupitia mbavu za kulia, shina lake linakuja nyekundu, lakini tawi la nyuma la kulia linazama mbali na probu, hivyo linakuwa buluu. Hapo ndipo wengi hutangaza kwamba damu imegeuka, kumbe iliyogeuka ni njia. Damu ya porta iende kuelekea kwenye ini, polepole, kwa wimbi linalopanda na kushuka kidogo, mara nyingi kati ya sentimita 16 na 40 kwa sekunde, pembe ya kupimia ikiwa nyuzi 60 au chini yake. Shina likizidi milimita 13 katika pumzi tulivu, uliza kwa nini. Vena za ini hucheza na moyo: mawimbi mawili ya damu kwenda moyoni, kisha moja dogo linalorudi. Mgonjwa akibana pumzi kwa nguvu, mchezo huo hulala, na mpigaji asiyejua ataandika sirosisi.

Majibu ya maabara yasomwe kabla ya jeli kupakwa. ALT na AST zikipanda, seli za ini zinaumia, ingawa AST hutoka pia kwenye misuli na moyo, na damu iliyoharibika ndani ya chupa huipandisha bure. ALP ikipanda pamoja na GGT na bilirubini, wajibu wako ni njia za nyongo: pima ile kubwa mbele ya porta, weka rangi kuhakikisha si ateri, na ikizidi milimita 6 au 7, tafuta kilichoziba. ALP peke yake kwa mjamzito inaweza kuwa ya kondo, kwa kijana anayekua ikawa ya mifupa. Albumini na muda wa damu kuganda ndivyo hueleza kama ini bado linafanya kazi.

Kanda ya Ziwa Victoria ina mtihani wake, nao ni kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo wake hukwama kwenye matawi madogo ya porta, makovu yakajijenga kuyazunguka, lakini seli zenyewe za ini zikasalimika kwa muda mrefu. Mvuvi anaweza kuja na ALT ya kawaida na bilirubini ya kawaida, ilhali wiki iliyopita alitapika damu. Mpigaji aliyetulizwa na karatasi ya maabara ataandika "ini la kawaida". Aliye fundi ataona kuta za porta zilizonenepa, nyeupe kuliko kawaida, na atazilinganisha na mifano ya Shirika la Afya Duniani iliyokubaliwa Niamey mwaka 1996, iliyopewa herufi A hadi F. Hataishia hapo. Atapima wengu, atatafuta mshipa uliofunguka upya kuelekea kitovuni, atauliza chembe sahani za damu ni ngapi, na porta ataipima kabla mgonjwa hajapewa chai, kwa sababu chakula huongeza damu ndani yake.