Kisichoingia kwenye Jalada la Inspekta Godfrey

Petals of Blood, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1977, inaanza na polisi wakikamata watu. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe, Chui, Mzigo na Kimeria, wameteketea katika nyumba ya Wanja huko Ilmorog. Munira, Abdulla na Karega wanashikwa. Wanja yuko hospitalini. Inspekta Godfrey anatafuta muuaji.

Mpenzi wa hadithi za upelelezi hajapotea bado. Kisha Munira anapewa karatasi aandike maelezo, na muundo unageuka. Polisi wanataka kujua ya usiku mmoja; yeye anarudi miaka 12 nyuma, siku alipoingia Ilmorog kwa baiskeli kuja kufundisha. Na bado kisa kinamzidi kimo. Inaingia sauti ya "sisi", wanakijiji wenyewe, wanaosimulia ukame, safari ya kwenda mjini kumwona mbunge, na barabara kuu iliyokipasua kijiji. Godfrey hawasikii hawa. Ilmorog haijafunga mdomo hata kidogo. Inazungumza nasi wasomaji.

Godfrey anampata aliyewasha moto, ni Munira, na jalada linafungwa. Lakini tumeshaambiwa kwamba Wanja alikuwa amemuua Kimeria kwa panga kabla moto haujashika. Habari hiyo haifiki kituoni. Ngũgĩ ametutwika siri ya kijiji, na kila nifikapo hapo najiuliza: ningehojiwa, ningesema?

Swali hilo ni zito kwa anayesomea Eldoret. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wanawake na watoto. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne, na jaji akaukosoa vikali uchunguzi wa polisi. Ukiijua kesi hiyo, huwezi kuusoma moto wa Ilmorog kama fumbo la kujipumbaza nalo.

Sehemu ya mwisho inanikwaza. Hotuba za Karega zinachukua nafasi ya "sisi", na lugha inakauka. Hata hivyo muundo haulegei: mchomaji amepatikana, kesi imekwisha, na Karega, ambaye hakuua mtu, angali kizuizini kwa sababu aliwaunganisha wafanyakazi.