Mzinga Hauoni: Utenzi, Kikeya na Ushuhuda wa Askari wa Burma

Makala haya yanakusudia kuchunguza mahali pa askari wa mizinga katika fasihi ya vita ya Kiswahili. Tutaweka sauti tatu bega kwa bega. Ya kwanza ni ya Hemed bin Abdallah el-Buhriy, na ya pili ni ya Shaaban Robert. Ya tatu haikupata kuchapishwa. Ni sauti ya babu yake mwandishi wa makala haya, aliyetumikia mzinga nchini Burma mwaka 1944.

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemed unahusu Wajerumani walivyoiteka pwani ya Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Katika vita hivyo manowari zilipiga miji ya pwani kwa makombora. Mzinga ni wa adui, na mshairi yu pamoja na wanaopigwa. Anaijua miji yao, anaijua dini yao, na msiba wao ni wake.

Shaaban Robert anasimama mahali pengine. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye maelfu ya beti, unasimulia vita vikuu vya 1939 hadi 1945. Mtunzi hakwenda vitani. Alikuwa mtumishi wa serikali Tanganyika, naye alivijua vita kwa habari zilizomfikia. Kwa hiyo jicho lake ni la mtu aliye juu ya kilima kirefu: anaona mataifa yakisogea, haoni mikono ya mtu mmoja. Hilo si kosa. Utenzi tangu zamani umependa upeo mpana, na mtunzi aliutimiza wajibu wa fani yake. Lakini yafaa tujiulize ni nini kinachopotea mtu anapotazama kutoka mbali hivyo.

Hapa ndipo inapoingia sauti ya tatu. Babu alizungumza Kikeya, yaani Kiswahili cha jeshi la King's African Rifles, ambacho walimu wetu wamezoea kukitaja kwa dhihaka. Kuhusu vita alikuwa na maneno machache sana, na haya ndiyo yaliyohifadhiwa nyumbani kwetu: "Muzinga hapana ona. Simu nasema namba, sisi napiga."

Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimsahihisha siku moja mbele ya wageni: "Sema mzinga hauoni, baba. Simu inasema." Mzee alitabasamu, akanyamaza. Tangu siku hiyo hakusimulia vita tena mwanawe alipokuwapo. Mimi sikuwahi kumsikia. Maneno hayo nilipewa na baba mwenyewe, baada ya kustaafu, nami nikiwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya uzamili. Aliniomba jambo moja tu: nisiyasahihishe.

Tuyahakiki basi kama tunavyouhakiki ubeti. Upatanisho wa kisarufi haumo, lakini maana imepimwa sawasawa. Mzinga wa kivita wa siku hizo ulirusha kombora la kilo 11 hivi hadi kilomita 12. Askari waliouhudumia kwa kawaida hawakumwona adui. Mtazamaji aliyetangulia na askari wa miguu ndiye aliyeona. Yeye alipeleka habari kwa simu au kwa redio, nazo zikageuzwa kuwa tarakimu za mwelekeo na za umbali. Wale waliokuwa mzingani walisikia tarakimu, wakainua, wakajaza, wakapiga. Katika bonde la Kabaw, masika ya 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka kutoka Tamu hadi Kalewa, iliyotekwa mwezi Desemba, katikati ya tope, msitu na malaria. Hata kuufikisha mzinga mahali pake kulikuwa vita.

Tazama sasa nani anayetenda katika maneno ya mzee. Mzinga hauoni. Simu ndiyo inayosema. Wanadamu wanatokea mwishoni tu, nao ni "sisi", wala si "mimi". Hakuna shujaa, hakuna adui mwenye uso, na mtoa amri hatajwi. Utenzi wa vita hutaka shujaa na adui waonane. Vita vya mzinga haviwapi nafasi hiyo. Kwa maoni yetu, Kikeya, lugha iliyokuzwa katika kupokea amri, kiliusema ukweli huu kwa maneno machache kuliko lugha sanifu, maana ndani yake mwenye kuamuru husikika bila kuonekana.

Wapo watakaosema kwamba kauli ya mzee mmoja si fasihi. Tunawajibu kwa kuwakumbusha meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, ikiwa na askari wapatao 1,000 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari 1944 ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi kwa muda wa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Wengi wa wapiga mizinga wale walizama kabla ya kupiga hata kombora moja Burma. Je, utenzi wa mashujaa utawaweka wapi? Wafu wa namna hii wanahitaji fani yenye uwezo wa kusema machache.

Hata hivyo tusikitukuze Kikeya kupita kiasi. Kinaeleza jinsi ya kupiga. Hakiulizi kwa nini. Swali hilo limo katika anwani ya Shaaban Robert. Vita vya uhuru, uhuru wa nani? Mtunzi alifariki mwaka 1962, nao utenzi ukachapishwa 1967, baada ya Tanganyika kujitawala. Msomaji wa 1967 hakuweza kulisoma neno uhuru kama alivyolisoma askari aliyerudi 1945 akakuta mkoloni angali madarakani. Kwa hiyo sauti hizi zinahitajiana: utenzi unatoa neno, na askari anatoa gharama yake.

Zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika vita vile. Walio wengi wameshakufa, na watoto wao sasa ni wazee. Idara zetu zina wajibu wa kuwaendea hao watoto na kuwauliza baba zao walisema nini, kisha kuyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Kalamu nyekundu ibaki ofisini. Nyumbani kwetu ilitunyima masimulizi ya vita vizima, ikatuachia sentensi mbili.