Faili Ambalo Halimo Diskini

Mjini Meru, madukani, laptopu ambazo wauzaji huziita ex-UK hupangwa zikiwa zimefutwa vumbi na kubandikwa stika zinazong'aa. Mwanafunzi aliyeerevuka wa chuo kikuu kilichoko Nchiru hana haja na stika. Huomba kuchomeka flashi yenye Linux, akawasha mashine, akaandika cat /proc/cpuinfo, mistari ikashuka: jina la prosesa, idadi ya kori, kisha msururu wa maneno mafupi kama aes, avx2 na vmx. Vmx isipokuwepo kwenye prosesa ya Intel, mazoezi yake ya mashine pepe yatakwama. Muuzaji anaweza kuapa apendavyo.

Faili hilo, /proc/cpuinfo, nalipenda kwa sababu halipo. Ukilitafuta diskini hulipati. Keneli, ule moyo wa mfumo endeshi, hulitunga pale pale unapolifungua.

Tena si orodha ya kila kilichochongwa kwenye silikoni. Chukua avx. Keneli huzipokeza programu prosesa kwa zamu, na kila inapoiondoa moja lazima ihifadhi rejista zake, la sivyo hesabu za hii zitamwagikia za ile. Keneli isiyoweza kuhifadhi rejista pana za AVX hulifuta neno hilo orodhani, hata kama prosesa inazo. Kinachoandikwa pale ni ahadi, na hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe.

Kwenye simu ahadi hiyo ina uzito zaidi. Prosesa ya Intel programu huweza kuihoji yenyewe kwa amri ya CPUID. Kwenye prosesa za ARM, zile za simu, rejista za utambulisho kwa kawaida ni za keneli peke yake. Basi programu inapoanzishwa, keneli huiwekea kwenye kumbukumbu yake jozi za namba, mojawapo ikiitwa AT_HWCAP, ambamo kila biti ni uwezo mmoja. Anayefungua tovuti ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa simu ya bei nafuu pale stendi ya Embu hajui kwamba Chrome imekwisha kuuliza: je, prosesa hii ina amri za usimbaji wa AES? Kama haina, hutanguliza usimbaji wa ChaCha20 wa Daniel J. Bernstein, ambao hauhitaji amri hizo kwenda kasi. Programu inayokisia badala ya kuuliza hukutana na amri isiyojulikana, ikauawa papo hapo.

Kwenye /proc/cpuinfo kuna pia mstari wa BogoMIPS, kipimo ambacho hata jina lake linakidhihaki: kwa asili ni zao la kitanzi cha kusubiri ambacho keneli ilikipima ilipowaka, wala hakisemi lolote la maana kuhusu kasi. Mwaka 2013 watunzaji wa tawi la ARM walikiondoa, na kwa akili ya kawaida walikuwa sahihi. Kumbe kulikuwa na programu zilizokuwa zikikisoma, zikaharibika. Mapema 2015 kikarudishwa. Mhandisi mwenye kiburi angewaambia wenye programu wajirekebishe. Mimi nawahesabu hawa mafundi zaidi kwa kurudisha mstari huo kuliko kwa kuufuta. Upo hadi leo, hata kwenye simu za biti 64.